Parafujo na Gundi

Juu ya meza ya fundi redio pana kifuniko cha chupa ya soda kilichojaa parafujo. Nyingine zimeshika kutu, nyingine bado zinang'aa, nyingine ni ndogo kiasi cha kujificha chini ya ukucha. Fundi hazitupi. Akifungua kifaa huzimimina humo. Akikifunga na ikapungua moja, huazima ya kifaa kingine kilichonyamaza zamani. Ndiyo maana redio inayosoma taarifa ya habari jioni hii yaweza kuwa imeshikiliwa na parafujo ya kinasa kanda cha mtu aliyekwisha kuhama mtaa. Nimekitazama kifuniko hicho mara nyingi, Kariakoo na kwingineko, na kila nikikitazama naona kwamba kipande hicho cha chuma chenye mfereji unaojizungusha kina neno la kutuambia kuhusu vitu, na kuhusu sisi tunaoishi navyo. Msumari hupigwa na mtu asiyetarajia kurudi. Parafujo hukazwa na mtu aliyeifikiria siku ya kurudi. Aliyeiunda redio ile kiwandani, ng'ambo ya bahari, hamjui fundi wa Kariakoo wala hatamwona maishani. Lakini alipoamua kuifunga kwa parafujo nne, alimwachia ruhusa. Alimwambia: siku ikifika, ingia.

Na anayeingia hukuta nini? Ukiilaza redio ndogo kifudifudi na kulegeza parafujo zake, mgongo wake huachia kwa mlio mdogo, na mambo yaliyokuwa siri yanakaa peupe. Kuna fimbo nyeusi ya feraiti iliyovishwa waya wa shaba mwembamba kama unywele: hiyo ndiyo inayoyanasa mawimbi. Kuna kapasita inayogeuka pamoja na kidole chako unapotafuta stesheni. Kuna spika, karatasi ngumu iliyogandishwa kwenye koili inayocheza ndani ya sumaku. Kisha kuna rizista, vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi, na hapo ndipo penye uzuri ambao haunichoshi. Nyeusi ni sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, njano nne, kijani tano, buluu sita, zambarau saba, kijivu nane, nyeupe tisa. Njano, zambarau na nyekundu zikifuatana, umeambiwa nne, saba, halafu sifuri mbili: omu 4,700. Mtoto ambaye hajamaliza kujifunza kusoma anaweza kuisoma sentensi hiyo, mradi awepo mtu wa kumfundisha rangi zake. Wahenga walisimama ufukweni wakatazama vyombo vikipita, wakasema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumezoea kuitumia methali hiyo kuheshimu jasho la waliotutangulia, na ni haki. Lakini ina upande wa pili unaosemwa mara chache. Ikiwa vimeundwa, basi viliundwa na watu. Na kilichoundwa na mtu, mtu mwingine aweza kukielewa, kukifungua, na kukiunda upya kwa namna yake.

Sasa itoe simu iliyomo mfukoni mwako, uigeuze. Yaelekea hutaona parafujo hata moja mgongoni. Ukitazama kwa makini pembeni, karibu na tundu la chaji, huenda ukaziona mbili, na kichwa chake si kile cha bisibisi ya nyota iliyomo katika kila sanduku la fundi. Simu za iPhone 4 zilipotoka mwaka 2010, nyingi zilikuwa na parafujo za nyota za kawaida. Muda si mrefu zikabadilishwa, zikaja zenye ua la petali tano, na wakati huo bisibisi ya kuzifungua haikuwa madukani. Baada ya parafujo ikaja gundi. Betri iliyokuwa ikitolewa kwa ukucha ikalazwa juu ya gundi, na kioo kikafungwa kwa gundi juu yake. Sitasema gundi ni uovu. Inazuia maji na vumbi, inakifanya kifaa kiwe chembamba, na wahandisi walioichagua wana hoja zao. Ninachouliza ni kile tunachofundishwa na kitu kisicho na mlango. Mtoto hukigeuza huku na huku, hutafuta pa kuingilia, hapaoni, hukirudisha mezani. Hakuna aliyemkemea, hakuna aliyemfukuza, lakini somo limeingia: vitu hutoka mahali pengine vikiwa vimekamilika, na kazi ya binadamu ni kugusa kioo. Wazee walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kifaa usichoruhusiwa kukifungua kina dalili zote za kuazima, hata kama risiti ya kukinunua umeihifadhi kabatini.

Hata parafujo yenyewe haikuzaliwa na ukarimu. Zamani kila karakana ilikata mifereji yake kwa kipimo chake, na bolti ya karakana moja haikukubali nati ya nyingine. Ukiipoteza, ulirudi kwa yule yule aliyeitengeneza, upende usipende. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi mitambo wa Manchester, alipendekeza kwamba nchi nzima ikubaliane: pembe ya mfereji iwe ya nyuzi 55, na idadi ya mizunguko kwa kila inchi ijulikane kulingana na unene wa bolti. Lilikuwa pendekezo kavu la vipimo, lisilo na ushairi hata chembe. Lakini fikiri lilivyowafungulia watu. Kipimo hicho kilipokubaliwa, mafundi wawili wasiofahamiana, kila mmoja katika mji wake, waliweza kutengeneza vipande viwili vikakutana na kushikana. Kile kifuniko cha soda cha Kariakoo, ambamo parafujo ya kifaa hiki hukubali kukaa katika kifaa kile, ni mjukuu wa makubaliano kama hayo. Uhuru wa fundi mmoja mmoja umesimama juu ya mapatano ya watu wengi waliokubali kuachia siri ndogo ili wote wapate faida kubwa.

Watu wetu hawakuhitaji kufundishwa hamu ya kufungua. Nani kati ya waliokulia vijijini hajaona betri zimeanikwa juani ili zipate nguvu ya kumaliza mpira wa Jumapili? Joto huharakisha kemikali zilizochoka, betri ikatoa pumzi yake ya mwisho. Bibi aliyezipanga juu ya bati hakutumia maneno hayo, lakini alikuwa ameliona jambo, akalijaribu, likajibu. Nani hajaona antena ya televisheni iliyotengenezwa kwa vifuniko vya sufuria, imefungwa kwenye mlingoti na kugeuzwa pole pole huku mtu ndani ya nyumba akipiga kelele: hapo hapo, usiiguse? Na watoto wenye magari ya waya, usukani mrefu unaoishia kiunoni, magurudumu yakiwa ya ndara zilizokatwa? Makopo ya maziwa yamekuwa koroboi, na koroboi zimesomesha watu waliokuja kuwa madaktari. Nairobi wameiita kazi ya namna hiyo jua kali, kwa sababu hufanywa nje, bila paa. Huko kote mikono ilikuwa ikikiuliza kitu: unaweza kuwa nini kingine? Umeme na kompyuta ni uwanja mpya wa swali lile lile la zamani.

Ipo redio moja ambayo nikiifikiri hunituliza. Haina betri, haina waya wa kwenda ukutani. Ina koili ya shaba iliyozungushwa kwenye bomba la karatasi, waya mrefu uliotundikwa juu, waya mwingine uliofukiwa ardhini, kipokezi cha kuweka sikioni, na kitu kimoja zaidi: mahali ambapo umeme huruhusiwa kupita kuelekea upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili. Mwanzoni mwa karne iliyopita mahali hapo palikuwa jiwe. Jagadish Chandra Bose wa Kalkuta, aliyechunguza mawimbi ya redio wakati dunia bado inayashangaa, alipewa hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kifaa kilichotumia galena, jiwe la madini ya risasi, kuyatambua mawimbi hayo. Miaka 40 baadaye, mwaka 1944, askari waliojichimbia mahandaki huko Anzio, Italia, hawakuwa na galena. Walikuwa na wembe wa kunyolea, kipande cha penseli na pini. Ncha ya penseli iliyougusa wembe kwa wepesi, mahali panapofaa, ilifanya kazi ya jiwe, na usiku katika tope la vita sauti ya muziki ikaingia sikioni mwa mtu aliyekuwa hajui kama atapambazukiwa. Kilichoniteka katika redio hiyo ni chanzo cha nguvu yake. Kwa kuwa haina betri, sauti yote unayoisikia imesukumwa na mnara wa utangazaji wenyewe, hewani, kutoka mbali. Anayesema ndiye anayempa msikilizaji nguvu ya kusikia. Kwa hiyo sauti ni hafifu, na hudai chumba kiwe kimya na mtu atulie. Sijui maelezo mengine yaliyo mazuri zaidi ya jinsi mwalimu anavyomfikia mwanafunzi.

Kompyuta haikutufikia kwa upole huo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuiingiza nchini. Mradi wa kuziweka hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikuwa umekwenda kombo na kula fedha za nchi changa, na waliotoa amri hiyo hawakuwa wajinga. Kompyuta ya siku zile ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, uliouzwa na makampuni makubwa na kuhudumiwa na wataalamu wa kuagizwa. Nchi maskini ilipoutazama iliona kitu kisicho na mlango, ikaamua kukiweka nje. Lakini miezi michache tu baadaye, katika toleo la Januari 1975, jarida la Popular Electronics la Marekani lilitoka na picha ya sanduku jipya kwenye jalada lake. Liliitwa Altair 8800. Liliuzwa vipande vipande kwa dola 397, na mnunuzi alilazimika kukaa usiku kucha akilehemu mwenyewe. Halikuwa na kibodi wala skrini. Lilikuwa na swichi na taa nyekundu mbele, na kumbukumbu ya baiti 256, nafasi isiyotosha hata kuhifadhi aya hii. Kwa akili ya biashara lilikuwa kitu kisichofaa kitu. Hata hivyo maagizo yalimiminika, maana sasa mtu wa kawaida aliweza kuwa na kompyuta aliyoijua mpaka kiungo chake cha mwisho.

Wapenzi wa mambo hayo walianza kukutana Machi 5, 1975, katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California. Waliita kundi lao Homebrew Computer Club, na kilichoendelea humo kinanipa kufikiri hadi leo. Mmoja wao, Steve Dompier, aligundua kwamba Altair yake ikifanya kazi, redio iliyokuwa karibu inakoroma. Umeme uliokwenda na kurudi ndani ya sanduku ulikuwa ukirusha mawimbi. Mwingine angeisogeza redio mbali. Yeye alikaa akapima: kazi ipi inatoa mlio upi, mlio upi ni noti ipi. Kisha akaenda mkutanoni, akapandisha na kushusha swichi moja baada ya nyingine mpaka programu yote ikaingia, na kompyuta isiyo na kinywa ikaimba wimbo wa kundi la Beatles kupitia redio iliyowekwa juu yake. Kelele ikawa muziki kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuiita kelele. Katika mikutano hiyo hiyo kijana mwingine, Steve Wozniak, aligawa nakala za mchoro wa kompyuta aliyoibuni, ile iliyokuja kuuzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Aligawa bure, ili atakaye ajiundie. Mali nyingi iliyofuata duniani kutokana na kompyuta ndogo imeandikwa sana. Ule mkono uliokuwa ukigawa karatasi za michoro umeandikwa kidogo. Mimi naona huo ndio uliofanya kazi kubwa zaidi.

Mkono huo haukukauka. Mwaka 2005, katika mji mdogo wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu walitaka kadi ya elektroniki ambayo mwanafunzi asiye mhandisi angeweza kuinunua na kuielewa. Wakaunda Arduino, na mchoro wake wakauweka wazi ili yeyote aweze kuinakili. Leo kadi za nakala yake zinauzwa kwa bei ya chini kabisa, na kwa sheria ya waanzilishi wenyewe nakala hizo ni halali. Februari 29, 2012, watu wa Cambridge, Uingereza, waliokuwa wakisikitika kwamba vijana wanakuja chuoni wakijua kutumia kompyuta lakini hawajawahi kuichezea ndani, walitoa Raspberry Pi: kompyuta nzima juu ya kadi ya ukubwa wa kitambulisho, kwa dola 35. Mwaka 2015 walitoa nyingine ya dola 5, wakaibandika kwenye jalada la jarida kama zawadi ya msomaji. Kadi hizo hazina ganda. Viungo vyote viko nje, uchi, vinaonekana, vinaguswa. Baada ya miaka ya gundi, mlango umefunguliwa tena.

Bei hizo zina maana inayopita mfuko. Kosa likiwa ghali, mtu hajaribu. Na asiyejaribu hajui. Taa ndogo nyekundu ya LED hutosheka na volti 2 hivi. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 9, humulika kwa fahari kubwa, kisha huzimika na hairudi. Mwanafunzi atasononeka kidogo, ataokota nyingine, na safari hii atauliza. Ataambiwa aweke rizista ya omu 330 njiani, ile yenye chungwa mbili na kahawia. Atapiga hesabu: volti 9 kutoa 2 ni 7, 7 kugawanya kwa 330 ni kama mili-ampea 21, kiasi kinachoifaa taa. Hapo kanuni ya Ohm, ambayo wengi wetu tuliikariri ubaoni na kuisahau mlangoni, inakuwa mwanga mbele ya macho yake. Aliinunua kwa taa moja iliyoungua, na hakuna karo iliyo nafuu zaidi. Shule zetu zimekuwa zikiogopa kosa kwa muda mrefu mno. Meza ya elektroniki hulipokea kosa bila hasira, hulionyesha palepale, na humpa mkosaji nafasi ya pili kabla ya kengele ya mapumziko.

Fikiria sasa mtu anayeunda mashine ya kutotoleshea vifaranga. Amechukua sanduku la mbao, balbu ya kuleta joto, kipima joto kidogo, swichi ya kuwasha na kuzima, na kadi ya kuviamrisha vyote. Joto lazima likae karibu na nyuzi 37.5, mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku isipokuwa zile za mwisho, unyevu usikauke, na hayo yaendelee kwa siku 21. Umeme ukikatika usiku, atalazimika kufikiri namna ya kuyaokoa mayai. Kazi hiyo ameikuta tayari kwa kuku anayeatamia, ambaye huyafanya yote kwa kifua chake na hakuwahi kuandikiwa programu. Mashine iliyotoka dukani huenda ikamtotolea vifaranga vizuri zaidi. Lakini aliyeiunda yake anajua kwa nini kifaranga kimeishi, na kikifa anajua pa kuanzia kutafuta. Maarifa ya namna hiyo hayaibiwi. Hukaa mwilini, kwenye vidole, na mtu huenda nayo popote.

Haiwezekani kuzungumza habari hizi bila kumkumbuka William Kamkwamba wa Malawi. Mwaka 2002, baada ya njaa kuikumba nchi, alikuwa kijana wa miaka 14 aliyetolewa shuleni kwa kukosa karo. Akawa anakwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na humo akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, chenye picha ya vinu vya upepo. Akaenda jalalani. Akapata feni ya trekta, shokamzoba, fremu ya baiskeli. Akapasha mabomba ya plastiki motoni na kuyanyoosha yawe mapanga. Akasimamisha mnara wa miti. Na dinamo ya baiskeli, ile ya kuwashia taa ya usiku, ikageuzwa na upepo. Jirani walimwona amerukwa na akili mpaka balbu ilipowaka. Mwaka 2007 alisimama jukwaani Arusha, katika mkutano wa TED, na ulimwengu ukamsikia. Hadithi yake husimuliwa mara nyingi kama sifa ya umaskini, eti shida ndiyo iliyomfundisha. Mimi sikubali. Shida ilikuwepo kwa kila mtu kijijini mwake, na shida peke yake ilikuwa ikiwaua watu. Kilichomtofautisha ni kwamba alikuta kitabu kilichofunguka. Tena, Kiingereza chake kilikuwa kidogo, hivyo alilazimika kuanzia kwenye michoro, kisha kuyatafuta maneno yaliyozunguka kila mchoro na kubahatisha maana yake. Tufikiri juu ya hilo kwa uzito. Kijana mwenye kipaji cha kuugeuza upepo kuwa mwanga alitumia sehemu ya nguvu zake kupigana na lugha ya kitabu. Yeye alishinda. Ni wangapi waliokirudisha kitabu rafuni?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kwa mafundi wetu, na hapa lazima niseme lenye uchungu. Ujuzi uliopo Kariakoo, uliopo mtaa wa Luthuli wa Nairobi, uliopo katika vibanda vya Mwanza, Mombasa na Bukavu, ni hazina. Wapo watu wanaosoma bodi ya simu kwa macho, wanaojua kwa harufu kiungo kipi kimeungua, wanaoihamisha chipu yenye miguu isiyoonekana kwa hewa ya moto na mkono usiotetemeka. Lakini ujuzi huo hukaa mdomoni na mkononi. Kijana huupata kwa kukaa karibu na fundi miaka mingi, akishika tochi, akitumwa chai, akiokota maarifa yanayodondoka. Mafundi wengine huficha, na siwalaumu. Siri ndiyo mlo wao. Tatizo ni kwamba siri haina mrithi. Fundi akifa, meza yake hugawanywa, kile kifuniko cha parafujo humwagwa, na mambo aliyoyagundua kwa kuunguza vidole yaanza upya kugunduliwa na mwingine. Gundi haitoki kiwandani tu. Nasi tunayo ya kwetu, na ni kali zaidi, maana inafunga yaliyo vichwani.

Duniani sheria zimeanza kugeuka. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka, kuanzia mwaka 2027, betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Mwaka 2024 ukapitisha sheria inayowabana watengenezaji wa baadhi ya vifaa waendelee kuvifanyia matengenezo hata muda wa dhamana ukiisha. Ni habari njema, na nchi zetu zinapaswa kudai kama hayo, kwa kuwa vifaa vingi hufika kwetu vikiwa vimetumika na hapa ndipo vinapoumalizia umri wao. Huko Lomé, Togo, mwaka 2013, Afate Gnikou alivikusanya vipande vya skana na printa zilizotupwa, akaunda printa ya kuchapa vitu vya plastiki vyenye umbo kamili. Taka za wengine zilikuwa sanduku lake la vipuri. Lakini sheria huufungua mlango wa kifaa. Haiwezi kumfanya mtu apite. Anayempitisha mtu mlangoni ni mtu mwenzake, aliyekwisha kupita, aliyesimama kando na kusema kwa lugha inayoeleweka: weka mguu hapa, angalia hapo pana umeme uliobaki kwenye kapasita, usiguse kwanza.

Tunayo lugha inayozungumzwa kutoka Lamu hadi Kisangani, na ndani yake mafundi husemezana kila siku kuhusu volti, waya, fyuzi, chaji na laini bila kukwama. Kinachokosekana ni karatasi. Mtoto wa Songea au wa Kitui anayetaka kuunda redio yake ya kwanza leo hukutana na maelezo mengi mno, na karibu yote yamo katika lugha anayoipigania kwa shida. Mali bila daftari huisha bila habari, yasema methali, na ujuzi ni mali. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa umewahi kufufua kifaa kilichokatiwa tamaa, au kuunda kengele, taa, redio au mashine ya vifaranga, usiishie kufurahi peke yako. Chora ulivyounganisha. Andika thamani za rizista zako, andika kilichoungua na kwa nini, andika namna ya kukaa salama, na uandike kwa Kiswahili chepesi kile kile unachotumia ukizungumza na mwanafunzi wako. Mpe mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani nakala moja, na nyingine uipeleke maktaba ya wilaya. Asiyejua kuandika amsimulie anayejua. Kitabu kimoja cha namna hiyo katika kila shule ya msingi hakihitaji mfadhili wala mkutano. Kinahitaji fundi mmoja aliye tayari kutoa anachokijua.